Mbio Nzuri za Baba

Jumapili, 14 Aprili

Msimu wa mbio za magari umeanza na baa si yangu tena. Nilijiapiza mwaka huu sitakasirika, lakini kabla ya saa tisa alasiri nilikuwa nimekwisha kukasirika mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa Loris, aliyeegesha lori lake la maziwa mlangoni hadi wateja wakawa wanaingia kiubavu. Mara ya pili ni kwa ami Vainer, na huyo hahitaji sababu. Ndiyo maana naandika. Bora niyamwage hapa kuliko kuwaropokea watu nikiwa na sinia mkononi.

Kwetu runinga huwashwa na sauti huzimwa. Baba ndiye aliyeanzisha jambo hilo zamani, alipokuwa akisimama mwenyewe nyuma ya kaunta hii, kwa kuwa watangazaji wanamkera. Sasa macho yake yamekufa katikati. Yanaona pembeni tu. Akitaka kuuona mlango huutazama ukuta, na mimi hunitambua kwa kiuno ninapompita, lakini uso wa mtu umekuwa doa, na runinga ni doa kubwa zaidi. Kwa hiyo ami Vainer, rafiki yake tangu ujana, huketi karibu na sikio lake na kumsimulia. Sauti anayo. Aliuza nyama ya nguruwe kwenye magulio yote ya hapa mkoani Emilia, na mpaka leo ndiye anayeita namba za bahati nasibu parokiani. Kunyamaza hajajifunza.

Leo nilikuwa nikifuta glasi.

"Anakwenda, Alcide, anakwenda! Wetu kamfuata wa kijani, kamganda, anamtoka kwa nje. Kwa nje, bwana, pale ambapo hata baiskeli haipiti!"

"Kapita?" Baba alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Kapita! Vumbi kamwachia!"

Mimi si mtu wa mbio, lakini furaha ile ilinifanya niinue macho. Kwenye runinga magari yalikuwa yakifuatana kwa adabu. Nyekundu yetu, gari linaloundwa hapa mkoani, ilikuwa ya sita, ya kijani ya tano, na kati yao lingeingia lori la Loris na tangi lake. Hakuna aliyempita mtu. Nikawaangalia wengine. Loris alikuwa akitazama dari. Mirella, mwenye duka la dawa, alikuwa akikoroga kahawa isiyo na sukari. Kumbe wote wanajua, na mimi mwenye baa ndiye wa mwisho.

Jumatatu, 15 Aprili

Nilimngoja ami Vainer mpaka tukabaki wawili.

"Ami, jana wetu hakumpita mtu."

"Alimpita."

"Nina macho, ami."

"Haya, unayo. Hongera." Akavuta kikombe chake. "Sikiliza, Nives. Wa kwanza simgusi. Wa pili na wa tatu siwagusi, maana hao watu huwazungumzia barabarani kesho yake. Nawachukua hawa wa katikati, ambao hata mama zao hawakumbuki walimaliza wa ngapi. Nampitisha mmoja, kona tatu baadaye namrudisha. Mwisho kila mtu yuko mahali pake. Nani kaibiwa hapo?"

"Baba."

"Baba yako kaibiwa macho. Mimi namrudishia chenji."

Nikamwambia sijaipenda habari hiyo hata kidogo. Akaomba kahawa nyingine.

Alhamisi, 25 Aprili

Sikukuu. Tumekunja tortellini, zile tambi za kujazwa nyama, tangu alfajiri. Baba kakunja zake kwa vidole tu na zimezishinda zangu kwa uzuri.

Jumapili, 5 Mei

Nyekundu imekuwa ya tano. Kengele kimya. Hapa kwetu nyekundu ikishinda, Padri Ermes hupiga kengele ya kanisa, na mji mzima hutoka uwanjani mbele ya kanisa na bendera, hata wale wasiojua gari lina gia ngapi. Ni miaka miwili sasa hatujaisikia. Baba huitegea sikio kila mbio zikiisha, hata akijua tumeshindwa.

Alhamisi, 9 Mei

Mkutano wa klabu yetu ya mashabiki, meza ya karibu na friji. Gazeti moja la magari limewaalika mashabiki wapeleke mawazo yao: kanuni za mbio zirekebishwe vipi? Mwisho wa kupokea ni wiki ya kwanza ya Septemba. Mirella alilisoma tangazo kwa sauti yake ya kusomea vyeti vya daktari, na baa ikawaka moto.

"Magari yapunguzwe upana," alisema mwenyewe. "Yamekuwa makabati ya bibi harusi. Kabati litalipitaje kabati?"

"Mimi nataka redio zikatwe," alisema Loris. "Dereva anaambiwa kila kitu na mtu aliyekaa kitini. Punguza mwendo, tunza tairi, kunywa maji. Mimi nikiwa na maziwa barabarani, nani ananielekeza?"

"Mkeo," alisema Mirella.

Padri Ermes ana wazo lake la siku nyingi. Kila uwanja uwekewe mabomba ya kumwaga maji kama mvua, nayo yafunguliwe wakati wowote bila mtu kujua. Loris akamuuliza kama mvua ya Mungu haimtoshi. Padri akajibu kwamba ya Mungu haijawahi kuja Jumapili saa tisa alipoihitaji.

Ami Vainer, ambaye kwa kawaida ana mawazo kumi kabla ya watu kukaa, hakusema kitu.

Kisha Baba akagonga meza. "Mmerukwa na akili? Mnataka kurekebisha nini? Nimeangalia mbio tangu sijaota ndevu, sijapata kuona mwaka mzuri kama huu! Jumapili iliyopita watu saba wamepitana kwenye kona moja. Saba! Mkigusa kanuni mtaharibu."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Katika klabu hii, tangu Baba na ami Vainer walipoianzisha, hakuna neno linalotoka nje ya baa bila mikono yote kuinuka. Mikono minne ilipanda. Wa ami Vainer ulipanda polepole, kana kwamba bega linamuuma. Wa Baba ulibaki mezani.

Jumanne, 14 Mei

Mvua. Mashine ya kahawa inavuja.

Jumatano, 15 Mei

Mvua. Baba hajashuka kutoka chumbani. Supu kaiacha.

Jumapili, 26 Mei

Leo zilikuwa mbio za Monako, ambako barabara ni nyembamba hata magari yakitaka kupitana hayawezi. Walianza wakiwa kwenye foleni, wakamaliza kwenye foleni ileile. Saa mbili nzima. Loris alilala na mdomo wazi.

Na ami Vainer akafanya kazi. Sijui niseme nini kingine. Alisimama, akaketi, akavua koti. Alimtoa wetu kwenye handaki akiwa sambamba na wa buluu, "tairi kwa tairi, Alcide, sasa hivi ukiweka karatasi kati yao inachanika," akampandisha ukutani kwa magurudumu mawili, akamshusha, akampokonya nafasi, akamrudishia. Mpaka mwisho shati lake lilikuwa limelowa mgongoni. Nilimpelekea maji kabla hajaomba, na sijui tangu lini nimewahi kufanya hivyo.

Baba alikuwa amenyoa. Jumapili hunyoa. Huvaa shati la buluu, hushuka ngazi mwenyewe, hula sahani mbili na kudai ya tatu. Siku nyingine za wiki huketi kitandani akilielekezea dirisha sikio, na nikimuuliza atakula nini husema chochote, halafu haligusi hilo chochote. Nimefanya hesabu ya wiki yake na nimeona ina siku moja. Basi na amdanganye tu, mradi amdanganye vizuri.

Alhamisi, 13 Juni

Mkutano wa pili. Baba bado anakataa. Leo alitetea mbio za mwaka huu kwa mifano, na mifano yote ni ya ami Vainer, neno kwa neno, mpaka ile karatasi inayochanika. Loris uvumilivu ukamwisha.

"Alcide, laiti ungekuwa unaona..."

Mirella alimkanyaga chini ya meza. Nilisikia kiatu.

"Laiti ningekuwa naona nini?" aliuliza Baba.

"Jinsi... jinsi jua linavyowaka nje," alisema Loris, na machozi yalikuwa yamemlenga, sijui ya aibu au ya kidole cha mguu.

Jumapili, 7 Julai

Joto. Nyigu kwenye glasi za divai. Ami Vainer ana mafua na sauti imemkauka, lakini kaja na kitambaa shingoni. Leo alipitisha watu wanne tu na akamwomba Baba radhi, akasema madereva leo wamechoka.

Zamani nilimwona mtu huyu kama mdomo wenye miguu. Leo nimemchemshia maziwa na asali.

Jumatano, 24 Julai

Nimempeleka Baba kwa daktari wa macho mjini Modena. Daktari ni msichana mpole. Amesema pembeni nako kumeanza kwenda. Baba akauliza, lini? Akajibu, labda kabla ya Krismasi, labda baadaye kidogo, hawezi kusema kwa hakika. Baba akashukuru, akavaa kofia, akaitafuta mikono ya koti lake kwa muda mrefu ingawa ni Julai na hakuja na koti.

 Nilipofika nyumbani nilimpigia ami Vainer nikamweleza yote. Nikaingia stoo nikalia.

Jumapili, 28 Julai

Nataka niandike kwa mpangilio.

Mbio zilikuwa Ubelgiji na mvua ilikuwa ikinyesha kule, ikinyesha na hapa. Baba alishuka amenyoa, lakini amenyamaza. Mbio zikaanza ndani ya maji, na kwa mara ya kwanza mwaka huu ami Vainer hakuwa na haja ya kubuni. Watu walikuwa wakiteleza na kupitana kweli. Nyekundu ilipanda kutoka ya saba mpaka ya nne. Ami Vainer alisema kweli tupu robo saa nzima, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa likizo.

Lakini Baba hakupiga meza. Alikuwa amekiinamisha kichwa. Mwisho akasema, "Unajua ninachotaka, Vainer? Siku moja tu ya kengele. Nitoke pale nje nizione bendera uwanjani. Hata hivi kwa pembeni, kabla hapa napo hapajazimika."

Ami Vainer alinitazama. Nilimwona anavyoamua, na sikumzuia.

"Wa tatu kateleza!" alipaza. "Wetu wa tatu! Anakwenda, Alcide, haoni mbele kwa maji lakini anakwenda. Wa pili! Kampita wa chungwa kama mtu anayempita bibi sokoni!"

Loris alisimama. Mirella akajifunika mdomo. Kwenye runinga nyekundu ilikuwa ileile ya nne.

"Anaongoza, Alcide! Wetu anaongoza!"

Baba alitoa sauti ambayo sijaisikia tangu Mama alipokuwa hai. Chini ya meza ami Vainer alininyooshea kidole kimoja, nikaelewa: mzunguko mmoja tu, halafu atamrudisha. Na hapohapo, kabla hata hajavuta pumzi ya kumrudishia, bendera nyekundu ikaonyeshwa. Mvua imezidi, magari yote yasimame.

"Kuna nini?" aliuliza Baba.

"Wamesimamisha. Maji mengi."

"Na wetu?"

"Wetu... yuko hapohapo."

"Watarudi?"

"Watarudi," alisema ami Vainer. Sijapata kumwona mtu akiomba hivi mbio zirudi. Jasho lilimtoka mpaka kwenye nyusi. Tukangoja. Wale wa Ubelgiji wakapiga miayo chini ya miavuli, sisi tukangoja. Mwisho maandishi yakatokea kwenye kioo, na Loris, ambaye husoma kwa sauti kila kitu hata bei ya maziwa, akasoma: "Hazitaendelea. Matokeo yanabaki kama yalivyokuwa."

Baba akainuka. "Tumeshinda?"

Loris aliangalia dari.

"Jamani, tumeshinda?"

"Ndiyo," alisema ami Vainer, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

Baba alitoka bila fimbo. Aliupata mlango kwa kuutazama ukuta, akaupata uwanja kwa kuutazama mlango. Akasimama katikati ya mvua, kaligeuzia shavu kanisa ili auone mnara kwa pembe ya jicho, na akangoja kengele.

Mimi nilipitia jikoni nikakimbia mpaka nyumba ya padri. Leo hakuja baa kwa sababu ya maumivu ya kiuno. Padri Ermes alikuwa na ndala miguuni, mbele ya runinga yake.

"Padri, piga kengele."

"Ya nne, Nives. Nyekundu ni ya nne."

"Najua ni ya ngapi! Baba amesimama mvuani." Nikamweleza, nikihema.

Alikaa kitako. "Uongo wa Vainer naujua, mwanangu, na kila Pasaka namsamehe. Lakini kengele ni ya watu wote. Nikiipiga sasa hivi mji mzima utatoka, na mji mzima utamwambia baba yako. Unataka ayasikie kwa watu mia mbili?"

Alisema kweli, na nilimchukia. Akachukua mwavuli wake, akaja nami akichechemea, bado na ndala.

Tulipofika Baba alikuwa amelowa chepechepe. Hakuna dirisha lililofunguliwa. Hakuna aliyepiga honi. Ami Vainer alikuwa amesimama nyuma yake hatua chache, naye amelowa, mikono inaning'inia.

"Nyekundu imeshinda na mji umelala," alisema Baba. Hakuwa anauliza. "Vainer."

"Naam."

"Ilikuwa ya ngapi?"

"Ya nne."

"Na wale saba kwenye kona moja?"

Ami Vainer alijifuta maji usoni.

"Na Monako?"

"Alcide, ndugu yangu..."

"Nives, nirudishe nyumbani."

Jumatatu, 29 Julai

Hajashuka.

Ijumaa, 2 Agosti

Hajashuka. Ami Vainer hajaja. Wateja wanazungumza kama tuna maiti ndani.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu, tumefunga. Joto la kuchemsha mayai. Nilikaanga gnocco, vile vipande vya unga vinavyofura kwenye mafuta, akala kimoja kwa ajili yangu.

Jumapili, 18 Agosti

Nimekwenda kwa ami Vainer. Nimemkuta bustanini kwenye nyanya. Amekonda. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, maneno yote ninayo, na nilichofanya ni kumshikia kapu.

"Mmoja tu," alisema bila kuniangalia. "Mzunguko mmoja awe mbele. Nilikuwa namrudisha, Nives, haki ya Mungu nilikuwa namrudisha. Nilishatafuta na kona ya kumrudishia."

"Najua, ami."

"Miezi yote hii wa kwanza sijamgusa."

"Najua."

Kanijazia kapu. Mlangoni akaniuliza kama Baba anakula. Nikasema anakula. Nami pia nimejifunza kubuni.

Jumanne, 20 Agosti

Nimekata zile nyanya, nikamwekea Baba chumvi na mafuta, nikamwambia zimetoka wapi. Akaisukuma sahani. Nikaketi kitandani nikamwambia kila kitu: wa kwanza asiyeguswa, wa sita na wa saba wanaopitana na kurudishwa, kile kidole chini ya meza. Nikamwambia na mimi nilijua tangu Aprili.

"Na wewe," alisema.

"Na mimi."

Akapapasa ukingo wa kitanda. "Unajua kinachoniuma? Nilibishana nao. Nikawaita wamerukwa na akili. Wote wananitazama, wanajua, na mimi nagonga meza."

"Hakuna aliyecheka, Baba. Hata mara moja."

"Hilo ndilo baya zaidi." Kisha akauliza: "Ile ya magurudumu mawili ukutani. Nayo?"

"Hiyo hasa, Baba. Siku ile hakuna aliyesogea saa mbili nzima. Loris alilala."

Pembe ya mdomo wake ilicheza. Aligeukia ukuta haraka, lakini niliiona. Niliporudi kuchukua sahani, nyanya zilikuwa zimeisha.

Jumapili, 25 Agosti

Mbio zimerudi baada ya mapumziko. Baba kaomba runinga ndogo chumbani, na sauti juu. Kasikiliza watangazaji nusu saa. Nikamsikia anaizima.

"Wanapiga kelele halafu hawasemi kitu," kaniambia. "Eti dereva anasimamia joto la matairi. Mtu anakaa kitako Jumapili asikilize joto la matairi?"

Jumapili, 1 Septemba

Leo ni Monza, mbio za nyumbani. Asubuhi Baba akaita, "Nives, lile shati la buluu liko wapi?" Niliteremka ngazi mbilimbili kulitafuta, na umri wangu huu.

Baa ilikuwa imejaa. Alipoingia walimpisha njia. Akaenda mpaka kiti chake, akapapasa kiti cha jirani, akakikuta kitupu.

"Yuko wapi?"

Ami Vainer alikuwa amejikunyata nyuma, karibu na friji ya barafu. Nilikuwa nimemwita mimi. Nilimwambia nisipomwona leo nitamfuata na sufuria.

"Yupo nyuma, Baba."

"Mwambieni kiti hiki kinapoa."

Ami Vainer akaja, akaketi kwenye ukingo wa kiti. Baba hakugeuka. "Leo nataka kweli tupu. Ukiongeza hata chembe ya chumvi, naondoka."

"Sawa."

Mbio zikaanza. "Wametoka," alisema ami Vainer. "Kona ya kwanza wamepita salama. Wetu wa tano."

"Halafu?"

"Wa tano."

Mizunguko ikapita. Baba alingoja kwa subira, kichwa upande.

"Sasa?"

"Wa tano, Alcide."

"Anamkaribia wa nne?"

"Hapana."

"Wa sita anamkaribia yeye?"

"Wa sita yuko mbali. Anatunza matairi."

"Anayatunza kwa ajili ya lini?"

"Sijui, Alcide. Hajasema."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajikohoza. Baba akageuza uso taratibu kuelekea watu, kwa namna yake ya kutuangalia akiangalia kando. "Na hivi ndivyo mlivyokuwa mkiona? Tangu Aprili?"

"Ndiyo, mzee wangu," alisema Mirella.

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

"Maskini nyinyi," alisema Baba. Na alimaanisha. Alituhurumia kweli, chumba kizima chenye macho mazima. Nilishindwa kuvumilia, nikaanza kufuta kaunta iliyokwisha kufutwa.

Kisha akainua mkono. "Haya, iandikwe. Makabati yapunguzwe. Redio zikatwe, Loris. Na mabomba ya Padri yafunguliwe. Naongeza moja yangu. Mirella, unaandika?"

"Naandika."

"Mbio ziwe nzuri kiasi kwamba Vainer akinisimulia kweli tupu, inanitosha."

Mirella aliandika, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mikono ikapanda yote. Wa ami Vainer ulikuwa wa mwisho, na safari hii bega halikumuuma.

"Endelea," Baba alimwambia.

"Wetu wa tano." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Wa nne yuko palepale. Wa sita... anatunza."

Baba alivumilia kidogo. Nilimwona anavyojitahidi. Alisugua magoti, akaonja divai, akarudisha glasi. Mwisho akainama sikioni kwa rafiki yake, lakini Baba hajui kunong'ona, baa yote ilisikia.

"Vainer. Hizo kanuni zetu zitaanza lini?"

"Wakizikubali? Labda miaka miwili."

"Miwili."

"Wakienda haraka."

Baba akakaa na neno hilo kidogo, akitazama ukuta ili aone dirisha. "Basi mpitishe mtu."

Ami Vainer hakuthubutu kusogea. "Umesema kweli tupu."

"Nilisema. Sasa nasema mpitishe mtu. Wa sita, wa saba, yeyote umtakaye. Wa kwanza tu usimguse, kule kuna kengele."

Ami Vainer alijifuta mdomo kwa kiganja. Alianza chini sana, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. "Wa sita... wa sita kachoka kutunza. Kashusha gia, Alcide. Mtazame." Na Loris akageuza kiti chake, akaipa runinga mgongo. Mirella akageuza chake. Padri Ermes akageuza chake huku akishikilia kiuno. Viti vikakwaruza sakafu yangu baa nzima, na sikumgombeza mtu, kwa sababu nami nilikuwa nimeweka taulo chini na kuegemea kaunta. "Anamfuata wetu, kamganda, lakini wetu hana habari naye, wetu kamwona wa nne! Anamtoka kwa nje! Kwa nje, bwana, pale ambapo hata baiskeli..."

Baba alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Kapita?"

"Kapita!" tukajibu baa nzima.